Mahari ya Mwaka wa Nne

Cheti changu cha shahada ya uhasibu na fedha sikukitundika mimi. Alikitundika mavyaa wangu, mamake mume wangu. Alikipeleka mwenyewe kwa fundi kikatiwa fremu na kioo, akagonga msumari kwa mkono wake, ukutani, mbele ya kitanda cha mwanawe asiyeweza kuinuka. Nilipomuuliza kwa nini hapo na si sebuleni, alijibu bila kunitazama.

"Nataka mwanangu aone alonunua."

Sikukiondoa. Mtu akikutundikia jambo lako mwenyewe ukutani, ukilishusha utakuwa umesema nini? Basi kipo. Namlisha mume wangu uji chini ya jina langu, na mhuri wa chuo unameta kila dirisha likifunguliwa.

Nilizaliwa Siyu. Babangu ni mkulima wa minazi na mahindi, mtu wa kumaliza msahafu kila mwezi, na mkopo wa serikali wa wanafunzi aliukataa kwa sababu ya riba. Nilimwambia kila mtu anauchukua. Akaniambia kila mtu hatazikwa kaburi langu. Akanilipia mwenyewe, nazi kwa nazi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akaniketisha barazani, akanionyesha viganja, akasema wadogo zangu nao wana haki. Sikulia mbele yake. Nilijaza fomu ya kuahirisha masomo, nikarudi nyumbani na sanduku la vitabu vizito ambavyo hakuna mtu Siyu aliyevihitaji, hata kwa kufungia samaki.

Mwaka huo huo nikaposwa. Mposaji alikuwa na duka Lamu mjini, duka la misumari, rangi na kamba, mtu mpole, amenizidi umri kwa miaka kumi au zaidi kidogo. Shangazi yangu ndiye aliyetumwa kuniuliza nataka mahari gani, maana mahari ni haki ya mke, hapangiwi. Wenzangu walikuwa wakitaka dhahabu, kitanda, kabati la milango mitatu. Mimi nikasema nataka karo ya mwaka wa nne.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa leso. "Mwanangu, karo huvaliwa wapi? Shingoni?"

Nikamwambia yeye apeleke tu. Akapeleka. Nilijiona mjanja siku ile, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilijiona mjanja. Nilikuwa nimefaulu somo la sheria ya mikataba kwa alama za juu kuliko wavulana wote darasani. Nilijua ofa ni nini, ridhaa ni nini, sharti ni nini. Nilijua mkataba usio na muda ni mlango usio na kitasa.

Siku ya nikahi wanaume walikuwa msikitini, sisi wanawake ndani. Bibi harusi kwetu hukaa amefunikwa, ana hina mpaka kwenye viwiko, na kazi yake ni kuona haya. Baba akaja na mashahidi wawili, wakasimama nyuma ya pazia. Akaniuliza kama namuidhinisha aniozeshe. Kisha akasita, na mimi nilijua kusita kwake, nikajua huko msikitini kumesemwa jambo.

"Mwanangu, wao wasema karo ni nyingi kutolewa leo yote," akasema. "Utapowa msahafu na fedha za taslimu. Karo iandikwe ya baadaye. Waridhika?"

Wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wamenizunguka, wamekwisha kushika pumzi kwa ajili ya vigelegele. Shangazi amenibana bega. Neno lilikuwa mdomoni, neno moja tu, "lini?" Darasani ningelisema kabla mhadhiri hajamaliza sentensi. Lakini bibi harusi hasemi. Mwari akinyamaza amekubali, na akiinamisha kichwa amekubali mara mbili. Nikainamisha kichwa. Shangazi akapaza sauti kwa niaba yangu kwamba nimeridhika, na vigelegele vikajaa nyumba.

Siku ya tatu nikasoma hati ya ndoa. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma. Taslimu, imetolewa. Ya baadaye, karo ya mwaka wa nne wa chuo kikuu. Nikatafuta tarehe juu, nikatafuta chini, nikageuza nyuma ya karatasi. Haikuwepo.

Nisimsingizie mume wangu. Hakunipiga, hakuninyima chakula, hakuwahi kulikana lile deni. Kila Agosti, kabla vyuo havijafunguliwa, nilikuwa namuuliza, na kila Agosti jibu lake lilikuwa lile lile.

"Kwani nimekataa? Iko."

Hiyo "iko" niliisikia miaka sita. Mwaka mmoja ilikuwa iko lakini mzigo wa rangi umechelewa. Mwaka mwingine iko lakini nina mimba. Mwaka wa tatu iko lakini mtoto bado ananyonya. Mara moja nilimkera hasa. Nikamwambia dawa ya deni kulipa, naye akanijibu huku akifunga kilemba, "Deni la muke halikimbii. Liko na muke, na muke yuko." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoamini, na ndivyo alivyoamini babake, na mamake mwenyewe mahari yake ya baadaye hajaitia machoni mpaka leo, wala hajapata kuiulizia.

Mwaka wa tano nikaona niulize kwa wanaojua. Alhamisi tulikuwa na darasa la wanawake, sheikh anasomesha upande wa pili wa ukuta kwa kipaza sauti, nasi tunamletea maswali kwa karatasi bila majina. Nikaandika: mahari ya baadaye isiyotajwa muda, mke anaweza kuidai lini? Na kwa upumbavu wangu nikaongeza, na kama ni karo ya chuo?

Sheikh akasoma swali zima. Wanawake wote wakageuka kunitazama, maana Lamu yote ni nani mwingine mwenye mahari ya karo? Sheikh akajibu kwa upole. Isiyotajwa muda, kwa ada ya watu wetu, hufika kwa talaka au kwa mauti. Akaongeza kwamba mke anayejitoa mwenyewe kwenye ndoa huiacha mahari yake.

Nikarudi nyumbani nimebeba jibu hilo. Ili nimalize digrii, ilinibidi mume wangu aniache au afe. Mimi nikimuacha, napoteza. Yeye akiniacha, analipa, na kwa nini aniache, mke mwenyewe si mbaya? Nilimtazama akila chakula chake cha jioni, mtu mzima mwenye afya, anachambua samaki taratibu, na nikajikuta nahesabu umri wake. Nilijichukia. Nikamchukia na yeye kwa kunifanya nihesabu.

Kisha chuo kikaniandikia. Waliokuwa wameahirisha masomo kwa muda mrefu walitakiwa warudi muhula wa Septemba unaofuata, la sivyo miaka yao mitatu inafutwa na waanze upya. Nikamsomea mume wangu barua, neno kwa neno, nikamfasiria. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Iko," akasema. "Lakini mwaka huu nimenuia hija."

Nani hupinga hija? Alikuwa ameweka pesa tangu kabla ya kunioa, ameuza na sehemu yake ya nyumba ya urithi, amekwisha kumlipa wakala wa Mombasa. Mavyaa alitembea nyumba hadi nyumba kutoa habari. Mimi nilipika. Nilipika siku tatu mfululizo, kwa ajili ya dua ya kumuaga, huku ile barua ya chuo iko chini ya mto wangu.

Anayekwenda hija kwetu huomba radhi kwa kila mtu kabla ya kuondoka. Huzunguka mtaa mzima, kwa majirani, kwa wateja, kwa aliyegombana naye zamani, na jibu ni moja: nimekusamehe dunia na akhera. Ni neno la kupokezana tu, kama salamu. Siku ile baada ya dua ya wanaume akaingia chumba cha ndani tulikokuwa wanawake. Akamwanzia mamake, akabusu mkono wake, wakalia wote wawili. Akaenda kwa dada zake. Mwisho akaja kwangu, akakaa mkekani mbele yangu, mbele ya watu wote.

"Mke wangu," akasema, "nakwenda nyumba ya Mngu. Nisamehe niliyokukosea, na unonidai."

Vikombe vya kahawa vikatulia. Nakumbuka sahani ya halua iliyokuwa karibu na goti langu, na mkono wa mtoto uliokuwa ukiinyemelea. Miaka sita nyuma, chumba kama hiki, wanawake kama hawa, nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nikamtazama usoni.

"Nimekusamehe yote," nikasema, "ela mahari."

Mavyaa ndiye aliyesikia kwanza. "Mwanamke, regesha neno lako."

Sikulirudisha. Wifi yangu mmoja akaanza kunisihi, mwingine akasema nina shetani, na mimi nilikaa kama gogo kwa sababu nilijua nikifungua kinywa tena nitalia, na nikilia watanishinda. Mume wangu akainua mkono kuwanyamazisha.

"Mwateni," akasema. "Ni haki yake."

Akatoka. Angeweza kwenda. Hili nalisema waziwazi kwa sababu mjini hakuna anayelisema. Sheikh alimwambia mwenyewe kwamba deni halijafika muda wake, safari yake ni sahihi. Yeye akakataa. Alisema hawezi kuvaa ihramu huku mke wake amesema neno lile mbele ya mashahidi. Akapanda basi kwenda Mombasa, akadai pesa zake kwa wakala, akarudishiwa pungufu, akaenda benki ya chuo. Aliporudi alitoa risiti iliyokuwa imekunjwa ndani ya kitambaa cha mkononi, akaiweka juu ya meza ya chakula.

"Nenda kasome," akasema. "Hija ni mwakani."

Mji ukagawa sifa na lawama kama ulivyopenda. Uchamungu wa kulipa ukawa wake. Dhambi ya kuzuia ikawa yangu. Nikipita njiani baraza zilikuwa zinanyamaza, na mwanamke mmoja niliyemfahamu tangu siku niliyoolewa alimwambia mwanawe mbele yangu, "Muamkie bibi huyu, ndiye alozuia hija." Kijana wa watu akaniamkia. Nikaitikia.

Watoto wangu wawili nikawaacha kwa mavyaa, nikaenda. Huo mwaka wa nne ambao nilikuwa nimeuota tangu ujana wangu, sikumbuki furaha yake hata siku moja. Nilipanga chumba kimoja, godoro chini, sufuria mbili. Wenzangu darasani walikuwa wadogo kwa miaka saba, wananiita madhe, yaani mama, wananiomba niwanunulie chai. Vitabu vilikuwa vimebadilika, sheria za kodi zimebadilika, kila kitu sasa kiko kwenye kompyuta. Nilisoma kwa hasira. Nilikuwa naingia maktaba mlango ukifunguliwa, na nikichoka nilijiambia kwamba kila ukurasa ninaouruka ni hatua ya mtu kuizunguka Kaaba.

Siku moja katika somo la ukaguzi mhadhiri alikuwa akieleza deni lenye kutegemea tukio, lile ambalo kampuni haitalipa mpaka jambo fulani litokee, na huenda lisitokee kamwe. Akaomba mfano. Vijana wakataja kesi za mahakamani, wakataja dhamana za mikopo. Nikanyoosha mkono, nikasema mahari ya baadaye. Darasa likacheka. Mhadhiri, mtu wa bara, hakuijua, akaniomba nieleze, nikaeleza yote, isipokuwa kwamba ni yangu. Alipendezwa sana. Alisema katika miaka yake yote hajapata mfano ulionyooka hivyo, akaniuliza deni kama hilo liandikwe wapi katika hesabu za huyo mume.

Nikasema, "Haliandikwi, mwalimu. Hutajwa tu chini, kwa maelezo."

"Sahihi kabisa," akasema, na wanafunzi wakaandika.

Nilimaliza mtihani wa mwisho siku ya Jumanne. Mume wangu alikuwa amerudi kwenye orodha ya wakala, amekopa kidogo kwa ndugu zake, amebakiza wiki chache aondoke. Jumatano aliinama dukani kupima kamba ya mteja, hakuinuka. Kiharusi. Upande wote wa kulia na ulimi. Nilipofika hospitali alikuwa macho, ananitazama, na kutoka kinywani mwake ilitoka sauti ambayo haikuwa neno.

Siku ya mahafali sikwenda. Nilikuwa nabadilisha shuka. Cheti nilikichukua miezi baadaye dirishani, kwa karani aliyekuwa akitafuna kitu, akanisukumia daftari nitie sahihi. Nikaomba kazi. Niliandika kila mahali, mpaka upande wa Kililana, ofisi zilizokuja na bandari mpya, na kote waliniuliza uzoefu wangu ni wa miaka mingapi. Niwaambie nini? Nikafungua duka la mume wangu, nikakaa mahali pake, nikaanza kupima misumari. Digrii ya uhasibu na fedha, na natumia jedwali la kuzidisha.

Mwezi wangu wa kwanza dukani nikayatoa madaftari yake ili niyapange upya. Yalikuwa ya shule, ya kurasa tisini na sita, moja kwa kila mwaka, yamechorwa mistari kwa rula. Sikutegemea kitu. Mume wangu aliacha shule darasa la saba. Nikafungua la mwaka tuliooana. Ukurasa wa kwanza, kabla ya mzigo, kabla ya kodi ya duka, kabla ya madeni ya watu wote, ameandika: "Mke wangu. Karo ya mwaka wa nne. Sijalipa." Nikafungua la mwaka wa pili. Ukurasa wa kwanza, maneno yale yale. La tatu, la nne, la tano, la sita. Kila mwaka alilihamisha kwa mkono wake, akaliweka juu ya yote.

Mimi nilimwambia mhadhiri haliandikwi.

La mwaka wa saba ameandika: "Karo ya mke wangu. Nimelipa yote, alhamdulillahi." Na chini yake: "Hija. Mwakani in sha Allah."

Nilifunga duka saa nne asubuhi, wateja wakinishangaa. Nikaenda nyumbani, nikapanda ngazi mpaka chumbani. Mavyaa alikuwa anamfuta uso, nikamwomba atupishe, na sijui aliona nini usoni mwangu maana alitoka papo hapo. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa anakitazama cheti, au anatazama ukuta, sijui.

Sijuti kudai. Nataka hilo lijulikane. Ilikuwa haki yangu na ningeidai tena kesho. Lakini ningeweza kuidai jikoni, kati yangu na yeye, siku ambayo hakuna aliyekuja kumuaga. Nilichagua mkekani mbele ya mamake. Nilitaka aone haya kama nilivyoona mimi chini ya shela, na aliona.

Nikamshika mkono wa kushoto, ule uliobaki. Nikamwambia nimeyaona madaftari. Nikamwambia nimemkosea, anisamehe dunia na akhera.

Akainamisha kichwa.

Nikakaribia kuubusu ule mkono. Kisha nikakumbuka kwamba asubuhi nilimuuliza kama ameshiba, akainamisha kichwa, nikamuuliza kama anataka tena, akainamisha kichwa. Daktari alikwisha kutuambia, tusiitegemee sana ile ishara.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Au hujanisamehe?"

Akanitazama. Akainamisha kichwa.